Mbwa Aliyekatwa Mguu: Namna ya Kumwuguza Nyumbani

MAZUNGUMZO YA NYUMBANI
Na Karani wa Parokia, Singida Mjini



Wapendwa wasomaji, juma hili tuzungumze habari za mbwa. Najua wako watakaocheka na kusema, "Karani ameishiwa maneno, sasa anatuandikia habari za mbwa katika gazeti la Kanisa." Haidhuru, na wacheke. Lakini ninyi mkaao vijijini mnajua kwamba mbwa si pambo la nyumba. Yeye ndiye mlinzi wa zizi usiku fisi anapopita. Ndiye mwenzi wa mtoto machungani. Ndiye anayebweka mwizi akigusa mlango wa banda la kuku. Na kuku wa Singida, kama mjuavyo, husafirishwa hata Dar es Salaam, basi si mali ya kudharau. Mlinzi huyo akipatwa na ajali, watu wa nyumba hawana budi kuulizana: sasa tufanyeje?

Swali hilo lililetwa ofisini kwetu na baba mmoja wa kigango cha nje ya mji, aliyefuata cheti cha ubatizo cha mwanawe. Mbwa wake alinaswa mguu wa nyuma katika mtego wa waya. Alirudi nyumbani baada ya siku mbili, waya umezama mpaka mfupani, na mguu umeanza kunuka. Daktari wa mifugo akamwambia: mguu huu hauponi tena, ama tuukate, ama tumchome mbwa sindano ya kumfisha bila maumivu. Wazee jirani wakamcheka: "Mbwa wa miguu mitatu ni wa kazi gani? Mpige rungu, utafute mwingine." Watoto wakalia. Mama watoto akauliza habari za fedha. Basi yule baba akaniuliza maswali mawili: "Karani, je, ni dhambi kumwua? Na je, ni upumbavu kumtibu?"

Maswali haya ni mazuri, na yafaa kujibiwa wazi.

KANISA LASEMAJE?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inalieleza jambo hili katika nambari 2416 hadi 2418. Inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi twawiwa kuwatendea kwa wema. Kumtesa mnyama, au kumwua bila sababu, ni jambo lisilolingana na heshima ya mwanadamu. Lakini papo hapo inatuonya tusitumie kwa wanyama fedha ambazo zingepasa kwanza kuondoa shida za watu.

Basi jibu ni hili. Kumwua mbwa asiyeweza kupona, kwa njia isiyomtesa, si dhambi. Kumpiga rungu mbele ya watoto, au kumwacha aoze mguu nyuma ya nyumba mpaka afe mwenyewe, huo ni ukatili, na hata serikali inaukataza katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Tena kumtibu si upumbavu, iwapo watoto hawatakosa ada, sare wala chakula kwa ajili hiyo. Kama fedha ya upasuaji ni ile ile ya dawa za bibi mgonjwa, bibi kwanza. Hapo mwombe daktari ampumzishe mbwa, na moyo wako usikusute.

JE, ATAWEZA KUISHI?

Ataweza, na wengi huishi vizuri kuliko tunavyodhani. Mbwa hubeba uzito wake kwa miguu minne, lakini si sawasawa. Miguu ya mbele hubeba kiasi cha sehemu sita katika kumi za uzito, na ya nyuma sehemu nne. Kwa hiyo aliyekatwa mguu wa nyuma hupata nafuu upesi zaidi. Aliyekatwa wa mbele hutaabika zaidi kidogo, hasa akiwa mzito, lakini naye hujifunza. Mbwa hakai akiufikiria mguu uliokwenda. Akiisha kuondolewa maumivu, huanza kuitumia ile iliyobaki.

Tuna mfano mkubwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda yuko simba dume watafiti waliyempa jina Jacob. Mwaka 2020 alipoteza mguu wa nyuma kwa mtego wa majangili. Watu walidhani habari zake zimekwisha. Lakini mwezi Februari 2024, usiku, yeye na ndugu yake Tibu waliogelea kuvuka maji ya Kazinga, zaidi ya kilomita moja, katika maji yenye mamba na viboko, na watafiti wakawapiga picha kwa kamera iliyorushwa angani. Ikiwa simba wa miguu mitatu aliweza hayo bila mtu wa kumpikia wala kumtandikia, mbwa wako mwenye watu nyumbani hashindwi kufika zizini.

Lakini sharti tuseme kweli yote. Yako mambo yanayozuia. Kama mguu mwingine nao ni mbovu, au mgongo umevunjika, au mbwa ni mzee sana na viungo vimekakamaa, au ana uvimbe wa saratani mfupani uliokwisha enea, msikilize daktari. Kumkata mguu mbwa wa namna hiyo ni kumwongezea siku za taabu tu.

Tena kukata mguu ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, mwenye dawa ya usingizi na vyombo safi. Si kazi ya panga wala ya fundi wa mtaani. Anzia ofisi ya mifugo ya manispaa au ya wilaya, wao watakuelekeza. Kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina hospitali ya wanyama, ila kutoka Singida ni safari ya kiasi cha kilomita 500, wala si kila mmoja ataiweza.

SIKU TATU ZA KWANZA

Daktari akimaliza kazi yake, yako inaanza. Kisu cha daktari hufanya kazi saa moja au mbili. Uuguzi wa nyumbani huendelea kwa majuma. Mbwa wengi waliokatwa vizuri huharibikia nyumbani, kwa sababu watu hudhani kazi imekwisha.

Kabla hajarudi, mtengenezee mahali. Mbwa wa kijijini amezoea kulala nje, lakini sasa mwingize jikoni, stoo au barazani penye ukuta, mahali pakavu pasipopita mbuzi, kuku wala mbwa wengine. Mbwa wengine humwonea mwenzao akidhoofika, hata kama jana walikula chungu kimoja. Chini tandika magunia safi, na juu yake nguo kuukuu iliyofuliwa na kuanikwa juani. Kama nyumba ina sakafu ya saruji iliyosuguliwa, tandika mkeka au magunia katika njia yote atakayopita, maana mwenye miguu mitatu huteleza, na akianguka anaweza kupasua mshono. Mjuavyo upepo wetu wa Singida, hasa Juni na Julai, mzibie tundu zote usiku, maana mgonjwa hupata baridi upesi.

Siku ya kwanza atakuwa kama mlevi. Atalia, pengine atatetemeka, na macho yatamlegea. Hiyo ni dawa ya usingizi. Msimzunguke watu kumi. Mtu mmoja akae naye, asema naye kwa upole, ampe maji kidogo kidogo akiisha kuinua kichwa barabara. Chakula apewe kidogo tu baada ya kuamka kabisa, maana akilishwa usingizini huweza kupaliwa na kufa.

Usishangae ukiona ngozi kando ya mshono imekuwa ya zambarau au nyeusi, na uvimbe kidogo. Hiyo ni damu iliyovia chini ya ngozi, nayo huondoka yenyewe. Usishangae pia akikaa siku mbili au tatu bila kwenda haja kubwa. Lakini mkojo ni lazima atoe katika muda wa siku moja. Asipokojoa, mpeleke kwa daktari.

Kumtoa nje kwa haja ndogo, chukua kanga au kitenge kikuukuu, ukunje kiwe mkanda mpana. Aliyekatwa mguu wa nyuma, upitishe chini ya tumbo mbele ya paja lililobaki, nawe ushike ncha mbili juu ya mgongo. Usimnyanyue; msaidie tu asianguke. Akiwa dume, angalia kanga isimbane mahali pa kukojolea. Aliyekatwa mguu wa mbele, upitishe chini ya kifua, nyuma ya mguu uliobaki. Mbwa wa yule baba niliyemtaja alisaidiwa kwa kitenge cha mama watoto siku mbili. Siku ya tatu asubuhi walimkuta amesimama mwenyewe mlangoni, anatazama nje.

KIDONDA

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, mlango wa 16, twasoma habari za Lazaro maskini, ambaye mbwa walimlamba vidonda. Hivyo wengi wetu tumekua tukisikia kwamba ulimi wa mbwa ni dawa. Si kweli kwa mshono. Ulimi una vijidudu vingi, tena mbwa akianza kulamba haachi. Hung'oa nyuzi na kufungua kidonda. Kumzuia asilambe ni nusu ya uuguzi wote.

Njia ni rahisi. Tafuta ndoo ndogo ya plastiki inayoenea kichwa chake. Kata kitako chake, funika makali kwa kitambaa, toboa matundu pembeni, kisha mvike na kuifunga na ukosi wake kwa kamba, ili uso wake ubaki ndani ya ndoo. Atakasirika siku moja, baadaye atazoea. Wakati wa kula unaweza kumvua, ukiwa umesimama hapo hapo. Wengine humvika fulana kuukuu ya mtoto, wakaifunga kiunoni. Nayo yafaa, mradi ifuliwe kila siku na isibane.

Adui wa pili ni inzi. Katika nchi yetu ya joto, inzi akitua kwenye kidonda kilicholowa hutaga mayai, na baada ya siku moja au mbili mtaona funza. Kwa hiyo mchana mbwa akilala, mfunike kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Safisha mahali pake kila siku. Kinyesi na mkojo visikae.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe na dawa zetu. Usipake kidonda oili chafu ya gari. Usinyunyize unga wa betri, wala tumbaku, wala majivu, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe. Vitu hivi huunguza nyama mbichi, na vingine ni sumu inayoingia mwilini kwa njia ya kidonda. Mshono mzuri hautaki kitu. Unataka kuwa mkavu na safi. Ukiingia udongo, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha futa polepole kwa kitambaa safi na ukaushe. Usimwogeshe mpaka nyuzi zitolewe. Wala usimpeleke ziwani Singidani kumwosha, kwa kudhani kwamba maji yale yana chumvi, hivyo yatamponya. Maji ya ziwa si maji ya hospitali.

Nyuzi hutolewa na daktari baada ya siku 10 hadi 14. Andika tarehe hiyo ukutani kwa mkaa usije ukasahau.

DAWA

Hapa naomba mnisikilize sana. Mbwa huyu ana maumivu, na daktari atakupa vidonge au atamchoma sindano. Vidonge vya kuzuia maumivu mpe kwa saa zake, hata kama halii. Mbwa ni mvumilivu, huficha maumivu. Kuhema upesi akiwa amelala kivulini, kukataa kulala chini, kugeuka-geuka usiku, kunguruma akiguswa, haya yote ndiyo kilio chake.

Lakini usimpe dawa za watu. Panadol, diklofenaki, ibuprofeni, zote zimo katika maduka yetu ya dawa na katika makopo ya nyumbani, na kwa mbwa zaweza kuwa sumu. Moja huharibu ini, nyingine hutoboa tumbo na kuua mafigo. Dawa ikikwisha kabla ya siku, rudi kwa aliyekupa, usijitungie. Na dawa za kuua vijidudu mpe mpaka zimalizike, hata akiwa ameanza kurukaruka.

Unapomshika mahali panapouma, kumbuka kwamba hata mbwa mpole huuma akiumizwa. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa muda mfupi, ila usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Watoto wadogo wasimguse siku za kwanza.

CHAKULA

Nyama inajengwa kwa chakula. Ugali mtupu hautoshi kwa mgonjwa. Changanya ugali laini na dagaa waliooshwa chumvi, au supu ya utumbo na mapafu, au yai la kuchemsha. Usitie vitunguu, maana vinaharibu damu ya mbwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha. Maji safi yawepo daima, katika bakuli zito lisilopinduka.

Baada ya mwezi, geuza mambo: usimnenepeshe. Wengine kwa huruma humlisha mlemavu wao mpaka akawa kama pipa. Hiyo si huruma. Miguu mitatu inabeba mzigo uliokuwa wa minne. Kila kilo ya mafuta ni gunia mgongoni. Pitisha mkono ubavuni mwake: mbavu uzisikie kwa urahisi chini ya ngozi, ingawa huzioni zikichomoza. Hapo ndipo uzito wake.

KUTEMBEA

Kwa majuma mawili ya kwanza asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Atembee dakika tano tu, mara nne au tano kwa siku, akiwa na kamba shingoni, nawe uende polepole. Akienda polepole hujifunza kuupanga mwili, akikimbia huanguka. Juma la tatu na la nne ongeza kidogo kidogo, dakika kumi hata kumi na tano. Akianza kuhema sana au kukaa chini, mwisho wa safari umefika, rudini. Machungani asirudi kabla ya mwezi mmoja na nusu. Na kama kuna jike lenye joto kijijini, dume lako lifunge kabisa, maana kwa jambo hilo hatakumbuka mshono wala daktari.

Utamwona anashika njia mpya ya kwenda: aliyekosa mguu wa nyuma huuleta ule uliobaki katikati, chini ya mgongo wake, kama kigoda cha mguu mmoja. Mwache. Mwili unajua kazi yake.

Pengine utamwona akishtuka ghafula na kugeuka kutazama mahali ambapo mguu haupo. Hata watu waliokatwa viungo husema wanasikia maumivu katika kiungo kilichokwisha ondoka. Mishipa ya fahamu bado haijasahau. Kwa kawaida hupungua. Ikiendelea, mwambie daktari, yako madawa.

DALILI ZA HATARI

Mrudishe kwa daktari siku ile ile ukiona mojawapo ya mambo haya:

Kwanza, mshono umefunguka, au unatoa usaha, au unanuka.
Pili, damu inatiririka, au ukimfunua midomo unaona fizi zimekuwa nyeupe badala ya waridi.
Tatu, uvimbe unaoongezeka kila siku badala ya kupungua.
Nne, amekataa chakula siku nzima baada ya ile siku ya kwanza, au anatapika tena na tena.
Tano, anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa amelala usingizi.
Sita, umeona funza.
Saba, alikuwa anasimama na sasa hasimami tena.

HABARI YA KICHAA CHA MBWA

Neno hili haliwezi kuachwa. Kama mguu uliharibika kwa kuumwa na fisi, mbweha au mbwa asiyejulikana, mweleze daktari kabla hajaanza kazi, kwa kuwa huenda kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huweza kujificha mwilini majuma hata miezi kabla ya kuonekana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu kiasi cha 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini mtu akiwahi, hazuki nao.

Kwa hiyo yeyote aliyeumwa au kuparuzwa, au aliyeingiwa na mate katika kidonda chake, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuomba chanjo. Asingoje aone kwanza. Hata ukiumwa na mbwa wako mwenyewe unapomwuguza, fanya hivyo hivyo. Na mbwa wote wa nyumba wachanjwe kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupiga vita ugonjwa huu, na mahali pengi chanjo hutolewa siku zile, sikilizeni matangazo.

KUZUIA NI BORA

Mbwa wengi hupoteza mguu kwa mambo tunayoweza kuyazuia. Mitego ya waya haichagui swala wala mbwa wa jirani. Mwenye kuitega na aiondoe. Usiku mbwa asizurure barabara kuu ya Dodoma na Mwanza, ambako malori hayalali. Na mbwa akivunjika mguu, msimfunge vijiti kwa mpira wa baiskeli ukamkaza hata damu isipite. Mguu uliovunjika tu ungepona, lakini mguu uliokosa damu huoza. Kama ukimfunga, vidole vya chini viwe na joto na visivimbe. Vikipoa, fungua mara moja. Akiumwa na kifutu, usikate wala kufunga kamba. Mbebe kwa daktari upesi, maana sumu ya nyoka huyo huua nyama ya mguu.

NA WATOTO WETU?

Yule baba aliamua kumtibu. Aliuza mbuzi dume mmoja, baada ya kukubaliana na mama watoto, na ada haikuguswa. Mbwa yuko hai. Kumkimbiza fisi hawezi kama zamani, lakini analala mlangoni mwa zizi na kubweka. Na kubweka hakuhitaji mguu wa nne. Ila baba huyo aliniambia jambo jingine lililonipendeza zaidi. Mwanawe wa darasa la tano, aliyekuwa mtoto wa kutupa mawe kwa kila kitu chenye uhai, ndiye aliyeshika zamu ya kumpungia inzi na kumfulia matandiko. Hakuna aliyemlazimisha.

Simfananishi mtu na mbwa, la hasha. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Lakini mkono unaozoea kuuguza hujizoeza kwa kile kilicho karibu. Mtoto aliyefundishwa kumcheka mbwa anayechechemea, kesho atamcheka mzee mwenye mkongojo. Na mtoto aliyekesha na mbwa mgonjwa, siku moja utakapougua wewe, atajua mahali pa kuweka maji.

Wakristu tunao mfano wa Mtakatifu Roko wa Montpellier, Ufaransa, ambaye sikukuu yake ni tarehe 16 Agosti. Mapokeo yasema kwamba aliuguza wagonjwa wa tauni, mpaka yeye mwenyewe akashikwa, akapata kidonda pajani, akajificha msituni asiambukize watu. Huko mbwa akawa anamletea mkate kila siku. Ndiyo sababu katika sanamu zake mtaona paja lenye kidonda na mbwa miguuni pake. Na katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa wake alifuatana nao njiani. Maandiko hayamsifu mbwa yule kwa neno lolote. Yanasema tu kwamba alikwenda pamoja nao. Basi mwenzi wa njia akiumia, si haki kumtupa kando bila hata kuuliza kama aweza kupona.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za kuhifadhi mtama na uwele usiliwe na wadudu. Walio na mbwa ambaye hajachanjwa mwaka huu, kesho asubuhi waulize ofisi ya mifugo siku ya chanjo.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.